Sikuuliza Maana Yake

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za safari, za mashindano ya mabweni, na za wenzetu waliofaulu mitihani. Mimi leo nina habari ya kosa. Nililitenda nyumbani kwetu hapa Tanga kwa ulimi wangu mwenyewe, na chanzo chake ni albamu moja ya muziki ambayo sikuisikiliza hata dakika mbili. Mwalimu wetu wa Kiswahili alipotuambia kila mtu aandike jambo analolijua vizuri, nilitafuta sana, nikaona hakuna ninalolijua vizuri kuliko hili.

Nyumba yetu iko Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa hesabu. Baba ni karani mstaafu, mtu wa maneno machache. Akisema jambo mara moja hasemi mara ya pili. Mama hupika maandazi na kuyauza. Bibi, mzaa baba, hukaa barazani kutwa na ukili wake. Na alikuwapo kaka yangu, aliyenizidi miaka tisa. Kaka alikwenda Nairobi mwaka 2020 kujifunza ufundi wa simu, akarudi mwaka 2023 na sanduku dogo la vifaa, na nywele ndefu kidogo kuliko alivyopenda baba. Alipata meza karibu na stendi ya mabasi, akawa akitengeneza simu za watu, na kila jioni humpa mama fedha ya mboga. Siyasemi haya kwa kumsifu, bali nataka msomaji ajue ni mtu wa namna gani niliyemshitaki.

Wiki ile nilikuwa na kinyongo naye. Timu yetu ilikuwa iende Muheza kucheza mpira, nikamwomba nauli, naye akaninyima. Alisema, "Umeanguka hesabu mara mbili, mdogo wangu. Kaa usome." Yalikuwa maneno ya haki, na kwa sababu hiyo yaliniuma zaidi.

Basi usiku mmoja niliamka kunywa maji. Mlango wa chumba cha kaka ulikuwa wazi kidogo na taa imezimwa, ila mwanga hafifu wa simu. Alikuwa akijaribu spika ya mteja, kwa sauti ya chini. Nilivyosikia mimi, ilikuwa kama mashine ya kukamulia katani imeingiwa na jiwe. Ngoma zilipigwa upesi hata mapigo hayahesabiki, na juu yake mtu alikuwa akinguruma, mara akipiga yowe kama aliyeshikwa na moto. Nilichungulia. Kaka alikuwa sakafuni, amepiga magoti, kichwa ameinamisha. Nilirudi kitandani mbio, moyo ukinidunda.

Asubuhi niliikuta simu yake mezani ikichajiwa. Nikaifungua, nikaona jina la wale wanamuziki: Duma. Nikashangaa, maana duma namjua, ni yule mnyama wa porini mwenye mbio kuliko wote. Chini yake niliona jina la kampuni iliyoitoa albamu, kampuni ya Kampala iitwayo Nyege Nyege Tapes. Hapa nawaomba radhi walimu na wazazi. Kila Mswahili ajua kuwa neno hilo kwetu halitajwi barazani.

Nilikwenda moja kwa moja kwa baba. Nikamwambia, "Baba, kaka husikiliza nyimbo za shetani usiku." Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia niliyoyasikia, nikamtajia na jina la ile kampuni, naye akafumba macho kwa aibu. Hapo ningaliweza kunyamaza. Sikunyamaza. Nikasema, "Tena nimemwona amepiga magoti gizani mbele ya ile sauti, anaisujudia." Sikuona kusujudu, niliona mtu amepiga magoti. Lililobaki nilijaza mwenyewe kwa kinyongo cha nauli ya Muheza.

Jioni baba alimwita kaka barazani. Akamwuliza, "Ni kweli, wewe unasujudia ngoma za shetani ndani ya nyumba yangu?" Kaka alinitazama mimi kwanza, kwa muda mrefu, kisha akamgeukia baba. "Baba, ungeniuliza ningekujibu. Lakini hapa umekwisha kujibiwa."

Baba alisema, "Nyumba hii ina kibla kimoja. Anayetaka kingine, njia hiyo."

Kaka hakubisha. Alfajiri, kabla hatujaondoka kwenda msikitini, alichukua sanduku lake la vifaa, akamwamkia mama, akaenda zake.

Ndugu wasomaji, baba hakumtaja tena, wala mama hakulia mbele yetu. Walakini kila usiku mama alipopakua chakula alipakua na sahani ya kaka, akaifunika kawa, akaiweka mahali pake. Asubuhi hupasha moto kile chakula, akatupa sisi. Nimekula wali wa kaka yangu miezi minane, nami najua sababu ya kuula.

Katika mwezi wa nane darasa letu lilikwenda kutembelea Mapango ya Amboni, yaliyo kaskazini ya mji, karibu na kijiji cha Kiomoni. Wengi wenu mmefika. Ni mapango ya mawe ya chokaa, yaliyochimbwa na maji kwa muda wa mamilioni ya miaka. Mtembezaji wetu alituonyesha popo, akatueleza habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, ambao husimuliwa kuwa walijificha humo miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya kikoloni. Hata tulipofika ndani kabisa akatuambia tuzime tochi zote.

Mimi nilidhani nalijua giza. Giza la chumbani si giza. Lina dirisha, lina taa ya jirani. Hili la Amboni huoni hata mkono ulioweka mbele ya uso wako. Macho yakakosa kazi, na masikio yakaanza kufanya kazi ambayo hayajapata kuifanya. Nikasikia tone la maji mbali, mbawa za popo, pumzi za wenzangu. Kisha mmoja wetu, kwa hofu au kwa mchezo, akapiga yowe. Lile yowe likazunguka kuta, likaturudia limekuwa nene na zito, si la mtoto wa shule tena. Wenzangu walicheka. Mimi nikaisikia ile sauti ya chumbani kwa kaka, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza jambo ambalo ningalijiuliza miezi minane nyuma: yule mtu analia nini?

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi la Pangani. Tulikuwa tumepata habari kwa mtu wa samaki kuwa kaka anatengeneza simu huko, karibu na soko. Tulipita Tongoni, tukapita Kigombe, minazi huku na mkonge kule, nami nikipanga maneno yangu na kuyapangua. Nilimkuta meza yake i chini ya mwembe.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," akaitika, bila kuinua macho katika kazi yake. Akamaliza kuunga waya, akafunga simu ya mteja, akapokea fedha yake. Kisha akaniambia, "Twende mtoni."

Tulikaa ukingoni mwa mto Pangani, upande wa pili tukiona minazi ya Bweni. Nikamwambia yote: nauli, kuchungulia, magoti, na neno nililoliongeza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Usiku ule skrubu ilikuwa imeniponyoka. Skrubu ya spika ya yule mzee wa Barabara ya Nane. Nilikuwa naitafuta sakafuni." Akanyamaza, akatupa kijiti majini. "Ungeniuliza tu."

Kisha alitoa hedifoni, sikio moja akanipa mimi, jingine akalitia yeye. Tukaisikiliza ile albamu, naye akisimamisha kila mara na kunieleza. Nami nawaeleza ninyi kama nilivyofundishwa.

Duma walikuwa vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja, ajiitaye Lord Spikeheart, na Sam Karugu. Kabla ya kuungana walikuwa katika bendi za muziki wa metali za mji ule. Mwaka 2019 walikwenda Kampala, wakakaa studio kwa muda wa miezi mitatu, na albamu yao, iitwayo vilevile Duma, ikatoka Agosti 2020. Karugu alipiga gitaa na kutengeneza midundo kwa mashine. Khanja ndiye mwenye zile sauti. Na jina lao si la mnyama. Ni neno la Kikikuyu, na maana yake ni giza.

"Mimi nami niliuliza kama ni yule mnyama," alisema kaka. "Fundi mwenzangu, Mkikuyu, alicheka mpaka akaketi."

Nikamwuliza kwa aibu juu ya ile kampuni. Akacheka yeye. Kwa watu wa Uganda neno lile lina maana ya hamu inayomshika mtu ghafla asiweze kujizuia kucheza ngoma. Wenye kampuni hiyo hufanya pia tamasha kubwa la muziki, na mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda alitaka kulizuia, lakini baadaye likaruhusiwa. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyotoa mwaka 2017 mkusanyo wa singeli za vijana wa Dar es Salaam uitwao Sounds of Sisso. Singeli hupita mapigo 200 kwa dakika, nasi huicheza harusini bila mtu kufukuzwa nyumbani.

Muziki wenyewe una asili ndefu. Wapenzi wake huita tawi moja deth metali, na tawi jingine, lenye nyimbo fupi na za kasi zaidi, huliita graindikoo. Bendi ya Kiingereza ya mji wa Birmingham, Napalm Death, ilitoa mwaka 1987 albamu iitwayo Scum, yenye wimbo mmoja wa sekunde moja na kidogo, nao uliandikwa katika kitabu cha Guinness kuwa mfupi kuliko nyimbo zote. Mwaka huohuo huko Japani bendi ya Osaka iitwayo S.O.B. ilitoa albamu yake, Don't Be Swindle, yenye mbio za namna hiyohiyo. Hivi wapiga gitaa wa Osaka na wa Birmingham, watu wasiojua lugha moja, walikuwa wakifanya kazi moja.

Nikamwuliza kama yule mwimbaji hapasuki koo. Akanieleza kuwa kunguruma kule ni elimu. Sauti haitoki katika nyuzi za sauti peke yake. Mwimbaji hutetemesha na mikunjo ya nyama iliyo juu yake, akasukuma pumzi kutoka tumboni. Asiyefundishwa hujiumiza. Katika albamu ile Khanja hunguruma, hunong'ona, hulia, mpaka huwezi kusema ni mtu mmoja.

Nikauliza mwisho lile lililonileta: "Na wewe, kaka, unapata nini humo?"

Alikaa kimya kidogo. Kisha akanieleza jambo ambalo nyumbani hatukulijua. Mtu aliyempokea Nairobi alikimbia na fedha ya ada aliyopewa na baba. Kaka hakuwa na pa kwenda. Mwenye karakana moja ya barabara ya Luthuli alimhurumia, akamruhusu kulala chini ya meza ya kazi. Siku zile Kenya ilikuwa na amri ya kutotoka nje usiku kwa ajili ya korona, amri iliyoondolewa Oktoba 2021. Basi kila jioni walimfungia ndani mpaka asubuhi, gizani, peke yake. Mama akipiga simu humwambia, "Nimeshiba, mama, niko salama." Hakuwa ameshiba.

"Kupiga kelele nilitaka," alisema, "lakini mlinzi angesikia. Yule fundi mwenzangu akaniachia hedifoni zake. Nikamsikia mtu anapiga kelele zangu zote. Nikaweza kulala." Akakunja waya. "Nikiamka alfajiri nilisali, kama ninavyosali sasa. Sikusujudia kitu, mdogo wangu. Nilikuwa na giza, nikapata mwenzangu wa gizani."

Aliniambia tena kwamba mwaka 2024 Khanja ametoa albamu yake peke yake, The Adept, kwa heshima ya mama wa bibi yake, Muthoni wa Kirima. Huyo ndiye mwanamke pekee aliyefikia cheo cha fildimasho katika vita vya Mau Mau. Alikaa msituni miaka mingi, akatoka Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, na nywele zake za msituni hazikukatwa mpaka mwaka 2022, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake. Nikawakumbuka wale waliojificha Amboni. Nikaona kuwa yowe lile nililoliita la shetani lina wazee wake, nao ni watu tunaosoma habari zao katika somo la historia.

Sitasema uwongo ili habari yangu ipendeze. Muziki ule siupendi. Niliusikiliza mpaka mwisho, kichwa kikaniuma, na nikirudi nyumbani mimi ni mtu wa taarabu na singeli. Baadhi ya maneno yake ni makali, wala simshauri mtoto mdogo ausikilize. Lakini kutokupenda kitu ni jambo moja, na kumshitaki mtu kwa kitu usichokijua ni jambo jingine.

Nilipomwomba kaka msamaha alisema, "Mimi umekwisha kunieleza. Mwenye deni nawe ni baba." Akanilipia nauli ya kurudi. Nauli! Niliishika mkononi mpaka Tanga.

Usiku ule, baada ya sala ya Isha, nilikaa mbele ya baba nikamweleza. Nilianza na lile neno la uwongo, maana nilijua nikianza na muziki nitajitafutia njia ya kutoka. Nikamweleza skrubu. Nikamweleza ada iliyoibwa, na meza ya karakana. Baba hakunipiga, ijapokuwa ningalipenda anipige. Alitazama mikono yake.

Bibi ndiye aliyesema, bila kuacha ukili wake. "Miaka ya sitini, Black Star walipotia gitaa la umeme katika taarabu hapa Tanga, baba yenu aliyemzaa huyu alisema ni kelele za garimoshi. Mimi nilipita uani nikaenda kuwasikiliza. Baadaye Shakila akaimba, naye mwenyewe akaenda, akakaa mbele yangu." Mama alicheka kidogo. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu kaka aondoke.

Baba akaniuliza, "Lile jina, kwa wenyewe lina maana gani?"

"Giza, baba."

Alifikiri. "Giza si dhambi," akasema. "Mwenyezi Mungu ameumba usiku na mchana." Akainuka kwenda kulala, na mlangoni akageuka. "Ulipeleka maneno yako upesi. Haya yangu nayo utayapeleka wewe. Mwambie redio yangu imeharibika."

Redio ya baba ilikuwa nzima. Nilijua, na mama alijua. Nilirudi Pangani Jumamosi nyingine nikafikisha ujumbe kama ulivyo. Kaka alicheka, kisha akageuza uso upande wa mto.

Alikuja siku ya Ijumaa, na sanduku lake. Aliifungua ile redio barazani, akaipangusa vumbi, akaifunga, akasema imepona. Baba akasema ahsante. Hawakusema zaidi ya hayo, wala baba hajaomba kusikia ile albamu, wala kaka hajampa. Bado anakaa Pangani, maana kazi yake imekwisha kukolea huko. Lakini Ijumaa hufika.

Wazee husema kuuliza si ujinga. Mimi nilidhani wanasema juu ya darasani. Siku hizi mama akipakua usiku wa Ijumaa, ile kawa naifunua mimi, na sahani ile naisogeza kwa mwenyewe ingali moto.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne